Istilahi za Ushonaji wa Suti: Kushonesha, Kukatiwa na Kurekebishiwa

Ushonaji ni miongoni mwa fani za kale katika miji ya pwani yetu, na maneno yake yamekwisha kukaa katika lugha kwa muda mrefu. Cherehani, bitana, kastabini, bandi, pindo na ukosi ni maneno yasiyohitaji kufafanuliwa kwa fundi yeyote, ingawa baadhi yake asili yake ni Uarabuni, Uajemi au Bara Hindi. Kwa sababu hiyo yaweza kudhaniwa kwamba katika fani hii hakuna kazi iliyobaki kwa wakuza istilahi. Dhana hiyo si sahihi. Maneno tuliyo nayo yaliitosheleza kanzu, kizibao, suruali na koti la kawaida. Suti ya sufu, yenye viungo vingi visivyoonekana kwa nje, iliingia kwetu pamoja na jina lake, lakini majina ya viungo vyake na ya namna za kuitengeneza hayakuingia pamoja nayo.

Upungufu huu hauonekani sana mtu anaposhonesha kwa fundi wa mtaani kwake, kwani huko huweza kuonyesha kwa kidole, na lisipokaa vema koti hulirudisha kesho yake. Huonekana pale anaposhonesha ng'ambo, katika mji atakaokaa siku chache tu, kwa fedha za kigeni, na kwa makubaliano ambayo hayana budi kuandikwa. Hapo neno moja lisilo na mipaka laweza kumgharimu mshahara wa mwezi mzima.

Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi suti nzuri ya bei nafuu inavyopatikana ugenini, tukiichukua Hong Kong kuwa mfano, na papo hapo kupendekeza istilahi zinazohitajika. Hoja yetu ni moja: bei ya suti hufuata namna ilivyotengenezwa, na asiye na neno la kuitenga namna moja na nyingine hana njia ya kujua kama bei anayotajiwa ni nafuu au ni ghali.

Sifa ya Hong Kong

Sifa ya Hong Kong katika ushonaji ilitokana na mambo matatu. La kwanza ni mafundi. Mji wa Shanghai ulikuwa na mafundi hodari wa suti za Kizungu, wengi wao wenye asili ya Ningbo, na katika miaka ya vita na mapinduzi yaliyofikia kilele mwaka 1949 wengi walihamia Hong Kong, iliyokuwa wakati huo koloni la Uingereza. Kando yao walikuwako wafanyabiashara wa Kihindi waliofungua maduka ya ushonaji, hasa upande wa Kowloon, katika eneo la Tsim Sha Tsui.

La pili ni wateja. Askari wa Kiingereza waliwekwa huko, na wakati wa vita vya Korea (1950–1953) na baadaye vya Vietnam, mabaharia na askari wa Kimarekani walifika kwa mapumziko mafupi. Mteja wa namna hiyo alikuwa na siku mbili tatu tu kabla ya meli yake kung'oa nanga. Ndipo ulipopata nguvu ule mtindo wa kutangaza suti inayokamilika kwa saa 24.

La tatu ni bandari huru. Hong Kong, hata baada ya kurudishwa China mwaka 1997, haitozi ushuru wa forodha ila kwa bidhaa chache kama pombe, tumbaku na mafuta. Sufu iliyofumwa Huddersfield, Uingereza, au Biella, Italia, humfikia fundi bila ushuru kuongezwa katika bei yake.

Hali hiyo imebadilika kwa kiasi fulani. Ujira na kodi za pango zimepanda, na baadhi ya maduka huwapima wateja Hong Kong na kuipeleka kazi katika karakana za Shenzhen, ng'ambo ya mpaka. Jambo hilo si kasoro kwa lenyewe, lakini mteja ana haki ya kuuliza ni nani atakayekata kitambaa chake na wapi. Swali hilo linawahusu pia watu wa Afrika Mashariki, kwani wafanyabiashara wetu wengi huenda Guangzhou, na tangu mwaka 2018 treni ya mwendo kasi huunganisha Guangzhou na Hong Kong kwa muda upatao saa moja.

Namna tatu za suti

Suti tayari ni ile iliyoshonwa kwa saizi za jumla kabla mnunuzi wake hajajulikana. Kinyume chake, katika maongezi ya kila siku, ni suti ya kushonesha. Kitenzi hiki ni sahihi, lakini kinaeleza uhusiano wa mteja na fundi tu, yaani kwamba mmoja ameagiza na mwingine ameshona. Hakielezi fundi alianzia wapi. Na hapo ndipo penye tofauti ya bei.

Fundi aweza kuanza kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kuchora kiolezo kipya kwa ajili ya mteja mmoja, akizingatia bega lililoinama kuliko la pili, mgongo uliopinda, au kifua kilichotokeza. Kitambaa hukatwa kwa kiolezo hicho, koti hupigwa bandi, mteja hulivaa, bandi hufumuliwa, na kazi huendelea hivyo hadi mwisho. Katika maduka ya Savile Row, London, suti ya namna hii huhesabiwa kuchukua saa 50 za kazi au zaidi. Njia ya pili ni kuchukua kiolezo kilichokwisha kuwapo, cha saizi iliyo karibu na mwili wa mteja, na kukipunguza au kukiongeza mahali panapohitajika. Kazi hii ni ya haraka, hufanywa karibu yote kwa cherehani, na gharama yake ni ndogo zaidi.

Tunapendekeza suti ya kushonesha liendelee kuwa jina la jumla, na chini yake pawe na majina mawili: suti ya kukatiwa kwa namna ya kwanza, na suti ya kurekebishiwa kwa namna ya pili. Neno kukatiwa tumelichagua kwa sababu katika fani hii kukata ndiyo kazi ya fundi mkuu, na wanafunzi wake hushona alichokata yeye. Yaweza kupingwa kwamba kukatiwa humkumbusha msikilizaji habari za umeme au maji. Pingamizi hilo halina uzito, kwani nomino inayotangulia huondoa shaka. Hakuna anayeshangaa kusikia kwamba abiria amekatiwa tiketi.

Isidhaniwe kwamba suti ya kurekebishiwa ni hafifu. Kwa mtu ambaye mwili wake haukupishana sana na saizi za kawaida, aghalabu hiyo ndiyo inayompa thamani kubwa kwa fedha yake. Hasara huja pale anapouziwa ya kurekebishiwa kwa bei ya kukatiwa, na neno la jumla "kushonesha" likatumika kumfunika macho.

Lugha nyingine zimekwisha kupatwa na jambo hili. Waingereza wana neno "bespoke", linalotokana na kitenzi cha kale chenye maana ya kuagiza kitu mapema, nalo lilitumika kwa suti ya kukatiwa. Wauzaji wengine wakalitumia kwa suti za kurekebishiwa pia. Mwaka 2008 chombo cha kusimamia matangazo ya biashara nchini Uingereza kilipokea malalamiko juu ya tangazo la aina hiyo, na kikaamua kwamba tangazo halikupotosha, kwa kuwa watu wa kawaida hawakutarajia tofauti kubwa kati ya namna hizo mbili. Ufaransa, kwa upande wake, iliuwekea ulinzi wa kisheria mtajo "haute couture" mwaka 1945, na hadi leo si kila mshonaji wa Paris anayeruhusiwa kuutumia. Funzo ni kwamba istilahi isiyolindwa na wenyewe mapema hupoteza mipaka yake, na mipaka ikipotea haki ya kulalamika nayo hupotea.

Kiunzi cha koti

Kati ya kitambaa cha nje na bitana, upande wa mbele wa koti una tabaka la tatu ambalo mvaaji halioni. Tabaka hilo ndilo linalolipa koti umbo la kifua. Kwa kawaida hufumwa kwa sufu, pamba au kitani, na huchanganywa na singa za farasi ili liwe na mnyumbuko. Tunapendekeza liitwe kiunzi, neno ambalo Waswahili wamelitumia tangu zamani kwa mifupa ya chombo au ya nyumba kabla haijafunikwa. Kiunzi cha koti hufanya kazi hiyo hiyo.

Kiunzi ni cha aina mbili. Kiunzi cha kushonwa huunganishwa na kitambaa kwa nyuzi zilizolegezwa kidogo, na baada ya muda koti hufuata mwili wa mwenyewe. Kiunzi cha gundi si kitambaa cha singa bali ni kitambaa chepesi kilichopakwa gundi, ambacho hubandikwa kwa joto na mgandamizo. Kazi hiyo ni ya muda mfupi sana, ndiyo maana suti ya saa 24 haiwezi kuepukana nayo. Gundi mbaya huachia baada ya kusafishwa mara kadhaa, na kifua cha koti huota malengelenge yasiyonyooshwa kwa pasi. Iko pia aina ya kati, nusu kiunzi, yaani kiunzi cha kushonwa kilichoishia kifuani huku sehemu ya chini ikiwa na gundi. Kwa mwenye fedha za wastani, nusu kiunzi ni chaguo la busara.

Njia ya kupambanua ni rahisi. Bana kitambaa cha nje kwa vidole karibu na kifungo cha chini, na kwa mkono wa pili uvute bitana kwa upande wa ndani. Ukihisi tabaka la tatu likiteleza katikati, kiunzi ni cha kushonwa. Usipolihisi, na kitambaa cha nje kikawa kigumu kama karatasi nene, kiunzi ni cha gundi.

Kupima na kujaribu

Neno jingine lenye utata ni kupima. Fundi humpima mteja kwa utepe. Na mteja dukani husema "naomba nipime" akikusudia kulivaa vazi aone kama linamfaa. Mkataba unaosema kwamba mteja "atapimwa mara mbili" waweza kusomwa na fundi kuwa ni kuzungusha utepe mara mbili katika siku moja. Tunapendekeza kipimo kibaki kwa kazi ya utepe, na kule kuvalishwa suti isiyokamilika kuitwe jaribio. Hivyo mkataba utasema: kipimo kimoja na majaribio mawili.

Majaribio mawili ndiyo kima cha chini kwa suti ya kukatiwa, na kwa hiyo anayekwenda kushonesha apange kukaa mjini siku nne au tano. Katika jaribio la kwanza yaangaliwe mabega, kifua na ukosi, kwani kasoro za mabega ni ngumu na ghali kurekebishwa baadaye. Urefu wa mikono na wa suruali ni jambo jepesi, isipokuwa pale matundu ya vifungo vya mikono yanapokuwa yamekwisha kutobolewa. Hapo mkono haufupishwi tena kwa urahisi. Ni vema mteja avae shati na viatu atakavyovaa pamoja na suti hiyo.

Vipimo viandikwe kwa sentimita. Katika Kichina cha Hong Kong, inchi ya Kiingereza, yaani sentimita 2.54, na kipimo cha jadi cha Kichina, kinachokaribia sentimita 3.7, hutajwa kwa tamko moja. Mafundi wa suti huko hutumia inchi ya Kiingereza, lakini hati iliyoandikwa kwa sentimita humwondolea mfasiri na karakana ya mbali shaka yote.

Lipo pia jambo la kitambaa kinachoachwa ndani ya mshono ili vazi liweze kupanuliwa siku za mbele. Tunapendekeza kiitwe akiba ya mshono, na mteja asisitize kwamba akiba iachwe kiunoni, makalioni na katika pindo la suruali. Suti isiyo na akiba humfaa mwenyewe mradi asinenepe.

Ama kuhusu ukosi, neno hili lilianza kwa maana ya kisogo, na kutoka hapo likahamia sehemu ya vazi inayozunguka shingo. Wengine hulitumia pia kwa ile sehemu ya mbele ya koti inayokunjwa nje juu ya kifua. Kwa kuwa asili yake ni shingoni, tunapendekeza libaki huko, na sehemu ya mbele iitwe kunjo la kifua.

Kitambaa na nambari zake

Muuzaji aghalabu hutaja nambari: Super 100, Super 120, Super 150. Wengi hudhani ni daraja la ubora, au hesabu ya nyuzi. Kwa kanuni za shirika la kimataifa la sekta ya sufu, nambari hizo hueleza wembamba wa unyoya: Super 100 hauzidi mikroni 18.75 kwa kipenyo, Super 120 hauzidi mikroni 17.75, na Super 150 hauzidi mikroni 16.25. Mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita. Tunapendekeza mfasiri aandike daraja la wembamba, na kamwe asiandike daraja la ubora. Sufu nyembamba zaidi ni laini na ghali, lakini hukunjamana upesi na haistahimili kuvaliwa kila siku. Kwa mtumishi wa ofisi, Super 100 hadi 120 yatosha.

Lenye maana zaidi kwa nchi za joto ni uzito. Kwa hali ya hewa ya Dar es Salaam au Mombasa, sufu ya gramu 240 hadi 280 kwa mita, iliyofumwa wazi ili ipitishe hewa, na yenye bitana ya nusu mgongo, huvalika bila taabu. Sufu ya gramu 400 ni ya nchi za baridi hata kama bei yake imepunguzwa.

Kama pana shaka kuhusu kitambaa, aombwe fundi achome uzi mmoja. Sufu hunuka kama nywele zilizoungua, na majivu yake husagika vidoleni. Poliesta huyeyuka na kuacha kitone kigumu.

Maana ya suti katika forodha

Wafasiri na watumishi wa serikali watambue kwamba neno suti lenyewe lina maana maalumu katika mfumo wa kimataifa wa kuainisha bidhaa za forodha, ulioanza kutumika mwaka 1988. Maelezo ya sura ya 62 yanataka suti iwe na vipande viwili au vitatu vya kitambaa kile kile kwa nje, vyenye rangi, mfumo na mchanganyiko mmoja. Na gamba la nje la koti liwe limeunganishwa kwa vipande vinne au zaidi, bila kuhesabu mikono. Koti la buluu na suruali ya kijivu, hata vikiwa vimenunuliwa pamoja, si suti mbele ya forodha. Katika maongezi yetu neno hili ni pana zaidi. Hutumika kwa vazi la kike la vipande viwili, na katika jina Kaunda suti, lililotokana na Rais wa kwanza wa Zambia. Upana huo hauna madhara sokoni, lakini katika hati za ushuru hapana budi kufuata maana finyu. Na anayekokotoa unafuu wa suti ya ng'ambo asisahau kujumlisha ushuru huo.

Muhtasari wa mapendekezo

(a) Suti tayari: iliyoshonwa kwa saizi za jumla kabla ya kuuzwa.
(b) Suti ya kushonesha: jina la jumla la suti iliyoagizwa na mvaaji.
(c) Suti ya kukatiwa: iliyokatwa kwa kiolezo kipya cha mteja mmoja.
(d) Suti ya kurekebishiwa: iliyokatwa kwa kiolezo cha saizi kilichobadilishwa.
(e) Kiunzi: tabaka la ndani linalolipa koti umbo, cha kushonwa, cha gundi, au nusu kiunzi.
(f) Jaribio: kuvalishwa suti isiyokamilika ili irekebishwe.
(g) Akiba ya mshono: kitambaa kilichoachwa ndani kwa ajili ya kupanulia.
(h) Kunjo la kifua: sehemu ya mbele ya koti inayokunjwa nje, chini ya ukosi.
(i) Daraja la wembamba: nambari ya kipenyo cha unyoya wa sufu.

Kwa istilahi hizi, mtu aweza kuandika agizo lake kwa mistari michache: suti ya kurekebishiwa, nusu kiunzi, sufu ya daraja la 110, gramu 260, majaribio mawili, akiba ya sentimita tatu kiunoni. Agizo hilo likifasiriwa kwa Kiingereza au Kichina halitapoteza kitu, na fundi atakayekwenda kinyume chake atakuwa amevunja mkataba ulio wazi.

Haya ni mapendekezo, si maagizo. Twajua kwamba mafundi wa Zanzibar, Mombasa, Tanga na Kariakoo wana maneno yao, na huenda miongoni mwake yakawamo yafaayo kuliko haya. Walimu wa vyuo vya ufundi hasa, ambao huyasikia maneno hayo kila siku kutoka vinywani mwa wanafunzi wao, tunawaomba wayakusanye na kutuletea, pamoja na maelezo ya mahali yanapotumika, ili yajadiliwe kabla istilahi hizi hazijasanifiwa.